Mtoto Niliyemkataza Visingizio

Kwa miaka saba nimekuwa nikienda kila Jumatano, saa kumi za alasiri, katika shule moja ya kutwa iliyo nyuma ya Mwabungo, kuwafundisha wasichana tabia za kuwafikisha mbali. Mimi si mwalimu. Mimi ni msimamizi wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, na Jumatano ndiyo siku yangu ya mapumziko. Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa amesikia habari zangu kwa jirani yake, akaniita ofisini, akaniambia, "Dada, hawa watoto wanasikia maneno yetu walimu mpaka yamewachujukia. Njoo uwaambie wewe. Wewe umeanzia chini."

Ni kweli nilianzia chini. Niliingia hotelini bila cheti chochote, nikawekwa chumba cha kufulia, nikawa nakunja mashuka tangu asubuhi hadi jioni. Aliyenitoa pale ni mama mmoja mtu mzima wa Msambweni aliyekuwa msimamizi wangu. Alinifundisha kufika kazini robo saa kabla ya wenzangu, kuandika kila nilichoambiwa, kuwa wa kwanza kusalimia, na kutogusa kazi ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza. Zaidi ya yote alinifundisha kufunga mdomo nikikosea. "Ukichelewa, umechelewa," aliniambia siku moja mvua iliponizuia njiani. "Mvua haimo katika orodha ya wafanyakazi wangu." Niliyashika yale maneno, na kweli yalinipandisha, mpaka mama yule alipostaafu nikakaa kwenye kiti chake. Basi niliyaamini kama ninavyoamini kwamba kibla kwetu ni kaskazini.

Kundi ninalotaka kulisimulia lilikuwa la wasichana wanane wa kidato cha pili. Nilikuwa niwe nao mpaka wamalize kidato cha nne. Siku ya kwanza niliwagawia kila mmoja daftari lenye jalada gumu, nikawaambia kwamba humo wataandika kila siku saa waliyoamka, walichosoma, na jambo moja walilolifanya vizuri zaidi ya jana. Wengine walichekacheka na kupigana vikumbo. Mmoja tu alikuwa ameshaanza kuandika.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na ushungi wake ulikuwa umefuliwa mpaka weupe wake umegeuka samawati. Alitoka Bongwe. Babake alikuwa akikata matofali ya mawe machimboni, na mamake alikaanga mahamri na kuyauza kwa mbaazi kando ya barabara. Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wao wa kwanza kufika sekondari. Aliinua mkono.

"Mama, na mtu akishindwa kuamka alfajiri?"

"Hashindwi mtu kuamka," nilimjibu. "Anakataa."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, aliandika.

Wiki ya pili alikuja na daftari limejaa. Ameamka saa kumi na nusu, amesali, amemsaidia mamake kusukuma unga, amesoma historia nusu saa kabla ya kutoka. Kila siku hivyo, hata Jumapili. Nililiinua lile daftari mbele ya wenzake, nikawaambia, "Tazameni. Huyu hana taa ya umeme kwao." Niliona aibu na furaha vikipita usoni mwake, na mimi mwenyewe nilirudi nyumbani siku ile nimejaa kifua. Nilikuwa nimempata mtu wangu.

Wakati huo nilikuwa naye karibu kila hatua, na ndiyo sababu siwezi kusema sikuona. Niliona yote. Nilichokosa ni kujua ninachokiona.

Kwanza palikuwa na jambo la salamu. Bibi mmoja anayeuza maembe na mabungo karibu na lango la shule alinilalamikia kwamba msichana wangu ana kiburi. "Ananipita hivihivi kama anapita gogo," alisema. "Shikamoo haimtoki." Sisi watu wa huku mtoto anayempita mzee kimya amewaaibisha waliomzaa. Nilimwita kando Jumatano ile, nikamuuliza. Alishangaa kabisa.

"Wallahi mama, sikumwona."

"Hukumwona? Bibi yule na meza yake ya maembe? Anakaa mkono wako wa kushoto kila siku ya Mungu."

Aligeuka akatazama langoni. Kisha akasema, "Nisamehe mama. Nitajirekebisha."

Na alijirekebisha. Kuanzia wiki ile alisalimia kila kitu kilichokuwa upande wa kushoto wa njia. Akifika langoni alikuwa anageuza kichwa chote, kama kuku anayesikiliza, na kusema shikamoo kabla hajaona kama kuna mtu. Siku moja bibi yule hakuja, mahali pake pamewekwa magunia mawili ya makaa. Msichana wangu aliyaamkia. Wanafunzi waliokuwa nyuma yake walikaa chini kwa kucheka, na jina la "Shikamoo Makaa" likamganda mwaka mzima. Mimi nilipoambiwa nilicheka pia. Nilimwambia, "Afadhali kuchekwa kwa adabu kuliko kusifiwa kwa utovu." Nilidhani nimesema jambo la maana.

Halafu kulikuwa na kidole. Alikuwa akisoma huku kidole chake kinatambaa chini ya kila neno, na akifika mwisho wa mstari anakirudisha polepole mpaka ukingo wa kushoto wa karatasi, anapapasa hapo, ndipo anaanza mstari mwingine. Mimi niliona umakini. Niliwaambia wale saba wengine wasome vivyo hivyo. "Kidole kinazuia akili isizurure," niliwaeleza, na Jumatano nzima tulikaa wote vidole vimeshika karatasi, wanane na mimi wa tisa, kwa sababu ya kitu ambacho yeye alikifanya ili asipotee njiani.

Daftari lake nalo lilianza kubadilika. Katika kidato cha tatu maandishi yake yalianzia katikati ya ukurasa. Nusu ya kushoto ilikuwa nyeupe. Nilimwambia karatasi haziokotwi. Aliomba radhi, akachora mstari mnene kwa kalamu ukingoni mwa kila ukurasa ili aanzie hapo, na kwa muda maandishi yakarudi mahali pake. Mwalimu wa hesabu alinionyesha karatasi zake za majaribio. Alikuwa anajua njia. Lakini mia nne na kumi na mbili aliiandika kumi na mbili. Tarakimu ya kwanza imeachwa. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: uzembe. Chini yake tena: uzembe. Nilimwonyesha msichana neno lile, nikamuuliza, "Wewe ni mzembe?"

"Hapana, mama."

"Basi tumfanyeje aliyeandika hivi?"

"Nitarudia kila hesabu mara tatu, mama."

Akawa anarudia kila hesabu mara tatu. Matokeo yake hakumaliza karatasi hata moja.

Kuna Jumatano moja ambayo ningetoa chochote nilicho nacho niirudie. Ilikuwa muhula wa tatu, kidato cha tatu. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, darasa lilikuwa na giza kidogo, na wengine walikuwa wameshaondoka. Alibaki nyuma, akawa anafunga na kufungua begi lake.

"Mama, nataka kukwambia jambo."

"Sema, mwanangu."

"Huku pembeni," alisema, akagusa nywele zake juu ya sikio la kushoto, "huwa kunaingia kiza. Si kila saa. Lakini siku hizi kimekaa. Naona kama ninatazama kwa tundu la ufunguo."

Nilikuwa nimechoka. Wiki ile hoteli ilikuwa imejaa, nilikuwa nimesimama siku sita, na karatasi ya hesabu yenye wino mwekundu ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimtazama, nikamwona ananitazama vizuri kabisa, macho yake mazuri, meupe, hayana wekundu wala chongo.

"Unalala saa ngapi?"

"Saa nne, mama."

"Basi ni uchovu. Panga usingizi wako." Kisha nikasema lile neno. "Na usianze visingizio. Tumekubaliana nini hapa juu ya visingizio?"

"Havipo, mama."

"Haya. Nenda salama."

Aliniaga kwa heshima, akaondoka, na hakulitaja tena jambo lile mbele yangu wala mbele ya mtu mwingine yeyote, mwaka mzima.

Nimejaribu kujitetea moyoni. Nimejiambia kwamba hata mzazi wake hakujua, kwamba walimu kumi na moja walimwona kila siku na mimi nilimwona mara moja kwa wiki. Ni kweli yote. Lakini wao hakuwaambia. Mimi aliniambia.

Mwanzoni mwa muhula wa tatu wa kidato cha nne nilipata ruhusa ya meneja kuwaleta wale wasichana hotelini, waone kazi inavyofanywa. Ilikuwa asubuhi, wageni wengi wametoka kwenda kupiga mbizi Kisite. Niliwaingiza katika chumba kitupu, nikawaonyesha kutandika kitanda: shuka la chini livutwe mpaka liwe kama ngozi ya ngoma, kona zikunjwe, foronya zielekee upande mmoja. Kisha kila mmoja akajaribu. Msichana wangu alitandika kwa uangalifu kuliko wote, lakini alipomaliza upande wa kushoto wa kitanda ulikuwa umeachwa, shuka linaning'inia mpaka sakafuni.

"Kazi nusu," nilimwambia.

Alirudia. Alizunguka kitanda, akalainisha, akakunja, akasimama. Kushoto kulikuwa vilevile. Wenzake walianza kunong'ona. Nilihisi hasira, na leo najua hasira ile ilikuwa ya mtu aliyewaleta wageni kuona kitu chake kizuri, kikamwaibisha. Nilisema kwa sauti ya kazini, "Jamani, kama kitanda kinakushinda, mtihani utauweza?"

Alilainisha tena upande uleule wa kulia.

Tulitoka nje, tukapita kando ya bwawa la kuogelea kuelekea jikoni. Nilikuwa mbele. Nilisikia maji yakipasuka, kisha ukelele, kisha kicheko. Niligeuka, nikamwona amesimama ndani ya bwawa, maji kifuani, ushungi umemganda usoni. Alikuwa ametembea moja kwa moja mpaka majini. Bwawa lilikuwa kushoto kwake.

"Tazama unakokwenda!" nilipiga kelele. Hayo ndiyo yaliyonitoka.

Mlinzi wa bwawa, mwanamume wa makamo kutoka Kinango aliyeanza kazi pale kabla hata yangu, alimpa mkono akamtoa. Kisha akachukua taulo, akasimama upande wake wa kushoto, akamnyoshea. Msichana alikuwa anatetemeka, amekumbatia mabega yake, na taulo lile liko shubiri moja tu kutoka shavuni mwake. Hakulichukua. Mlinzi alingoja. Alilitikisa kidogo. Hakulichukua. Akalishusha, akainua mkono mtupu, akaupeleka mbele na nyuma kando ya uso wake. Jicho halikucheza.

Alinijia polepole, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bi mkubwa, mtoto huyu upande huu haoni kabisa. Mbuzi wangu mmoja alikuwa hivi."

Wasichana walikuwa bado wanacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na funguo za vyumba mkononi, na miaka yote ikaanza kupita mbele yangu: bibi wa maembe, magunia ya makaa, kidole, nusu ya ukurasa, tarakimu ya kwanza. Nilikwenda nikamfunika taulo mwenyewe. Nilimuuliza, "Mwanangu, unaniona?"

"Nakuona, mama," alisema haraka. "Naona vizuri. Niliteleza tu."

Nilimpeleka kliniki ya macho Msambweni siku mbili baadaye, pamoja na mamake. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Mamake alikuwa amebeba mahamri ndani ya kitambaa, akanigawia, nikalishika langu mkononi bila kulila. Daktari alikuwa msichana mdogo wa bara, Kiswahili chake cha harakaharaka lakini cha upole. Alimpima kwa mashine moja, kisha nyingine, akazima taa, akawasha, akatazama ndani ya macho yake kwa muda ambao mimi niliona kama saa nzima. Kisha akavuta kiti.

Alisema ni presha ya macho. Alisema kuna aina inayowapata vijana, haina maumivu wala wekundu, inakula mshipa wa jicho kidogokidogo kutoka pembeni, na mtu hajui kinachomtokea mpaka kiza kimekaribia katikati. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebakiwa na sehemu ndogo ya katikati.

"Dawa itarudisha kilichopotea?" mamake aliuliza.

"Hapana, mama. Kilichopotea hakirudi. Dawa ni ya kulinda hicho kidogo kilichobaki, na lazima aiweke kila siku maisha yake yote, na hata hivyo siwezi kuahidi."

"Na angeletwa mapema?"

Daktari alizima mashine. "Angekuwa na mengi ya kulinda."

Kisha akamgeukia msichana. "Ulianza kuona hivi lini?"

"Mwisho wa kidato cha pili, daktari."

"Ukamwambia nani?"

Msichana alikuwa amekaa kati yangu na mamake. Hakugeuza uso kwangu, ingawa najua alijua nilipo.

"Hakuna mtu," alisema.

Daktari aliandika. Mamake alitikisa kichwa, akasema kwa huzuni, "Huyu si mtoto wa kulalamika, daktari. Tangu mdogo." Kisha, kama anayekumbuka jambo la kawaida, akaongeza, "Babu yake mzaa baba naye alipofuka mapema. Hajafika hata miaka hamsini. Tukasema ni kadari ya Mungu."

Mimi ningeweza kusema pale. Ningeweza kusema, aliniambia mimi. Sikusema. Mimi niliyekuwa nimefundisha miaka yote kwamba mtu hubeba kosa lake kifua mbele, nilifunga mdomo wangu, nikakubali mtoto anibebee.

Nilikwenda Bongwe Jumapili iliyofuata nikiwa nimekusudia kuwaeleza. Babake alikuwa amekaa barazani, vumbi jeupe la mawe limemkaa kwenye kope. Alinikaribisha kama mtu aliyemletea kheri. Mamake alinitilia chai. Nilianza, "Nimekuja kuwaomba radhi. Mtoto aliwahi kuniambia…"

Babake aliinua kiganja. "Dada, usijitese. Kilichoandikwa kimeandikwa. Sisi tunakushukuru. Huyu mtoto wewe umemtia adabu. Hapa mtaa mzima hakuna anayeamkia watu kama yeye. Mungu akulipe."

"Amina," mamake alisema.

Nilishika kikombe. Nilirudia mara ya pili, nikasema wazi kwamba aliniambia kuhusu kiza nami nikamwambia ni visingizio. Mamake alitazama chini, akaanza kukunja pindo la leso yake. Babake alipumua, akasema, "Hukujua, dada." Hakuna aliyenifokea. Nilitamani wanifokee. Walinisindikiza mpaka njiani, na mamake akanitilia mahamri kwenye mfuko nikawapelekee watoto wangu.

Zilibaki wiki chache kufikia mtihani. Mwalimu mkuu alihangaika msichana apatiwe karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada. Tukaambiwa maombi ya namna ile yalitakiwa yapelekwe mwaka uliotangulia, yakiwa na cheti cha daktari. Basi akakaa na wenzake, karatasi ileile, saa zilezile. Msimamizi wa mtihani alimruhusu kukaa karibu na dirisha, hilo ndilo lililowezekana. Nilimsubiri nje ya lango siku ya hesabu. Alitoka wa mwisho, anapapasa ukuta kwa kiganja.

"Umeonaje?"

"Nimefika swali la tisa, mama. Lakini yote tisa nimeyarudia."

Matokeo yalipotoka alikuwa na D. Katika wale wanane, wawili walipata alama za chuo kikuu. Mmoja wao ni msichana wa Ukunda ambaye daftari langu alilitumia kuandikia nyimbo, na Jumatano nyingi hakuja kabisa. Aliponipigia simu kunipa habari njema alisema, "Asante mama kwa malezi yako." Nilimpongeza. Niliweka simu chini, nikakaa kitandani na viatu miguuni, nikajaribu kukumbuka ni jambo gani nililomfundisha yule. Sikulipata.

Wale wengine wamo humuhumu. Mmoja anasuka nywele karibu na stendi ya Ukunda, watatu wameolewa, mmoja nilimwajiri mimi kwenye vyumba, naye hufika kazini amechelewa, na simsemi. Wenzangu wananishangaa. Wanasema nimelainika. Sijalainika. Mtu akiniambia amechelewa kwa sababu hii au ile, namsikiliza mpaka mwisho kwa woga, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Mwalimu mkuu aliniomba nichukue kundi jipya. Nilikataa mara mbili, ya tatu nikaenda, kwa sababu niliwaza kwamba angalau nitawapima macho. Nilibandika ukutani karatasi yenye herufi, nikawasimamisha mmoja mmoja mbali. Katika watoto kumi na wanne niliwapata watatu wasiosoma mstari wa tatu. Niliandika majina yao, nikawapa barua wapeleke nyumbani, nikawaita wazazi. Alikuja mzazi mmoja. Alinisikiliza kwa adabu zote, akaniambia mwanawe anaona vizuri, ni mvivu tu, na akaniomba nimsaidie kumkanya kwa sababu amesikia mimi ni mkali. Nilimsihi ampeleke kliniki. Alisema inshallah. Nilipouliza mwezi uliofuata, alikuwa bado hajampeleka, na muhula huu mtoto amehamishiwa shule nyingine, sijui ipi.

Msichana wangu hayuko tena Bongwe. Mwaka jana walimpeleka Jego kwa shangazi yake, anayelima mpunga na kwenda shamba mchana kutwa, ili amtunzie watoto wadogo. Walisema kule hakuna magari mengi, itakuwa salama kwake kutembea. Nilipata siku, nikapanda gari mpaka Lunga Lunga, kisha boda mpaka kijijini. Nilimkuta amekaa ukumbini juu ya mkeka, anakuna nazi, na mtoto wa miaka miwili amemlalia pajani. Alinijua kwa sauti kabla sijamaliza hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Nilikaa kando yake. Nilimuuliza juu ya dawa ya matone. Alisema chupa iliisha kabla ya Ramadhani, na kliniki ni mbali, na shangazi hana wa kumwachia watoto. Nilimwinua uso nikamtazama. Jicho la kulia lilikuwa linanitafuta, linapita juu ya bega langu, linarudi. Nilimletea chupa mbili. Alizipokea kwa mikono yote miwili, akazipapasa, akashukuru, akaziweka juu ya sanduku ambalo hata yeye alilitafuta kwa muda.

Nilimwambia nilichokuja kumwambia. Nilimwambia kwamba alinieleza ukweli na mimi nikauita kisingizio, na kwamba sikuwa na ujasiri wa kusema mbele ya daktari. Alinisikiliza huku anamchezea yule mtoto kisogo.

"Mama, mimi nataka kukuuliza kitu."

"Niulize."

"Nilikosea wapi?"

Sikumwelewa. "Vipi ulikosea?"

"Niliamka. Niliandika. Nilikaa mbele. Nimewaza sana hapa, kazi za hapa hazizuii kuwaza. Lazima kuna kitu sikukifanya sawasawa."

"Hukukosea popote, mwanangu. Hakuna ulichokosea. Ulikuwa mgonjwa, na tuliopaswa kukuona hatukukuona. Basi."

Alitabasamu kwa adabu, lile tabasamu vijana wanalompa mzee aliyesema jambo wasilokubaliana nalo.

"Ulituambia mwenyewe, mama. Anayefanya yote hashindwi. Basi kama nimeshindwa, kuna nilichoacha."

Nilimwambia maneno yangu yalikuwa ya uongo. Nilimwambia mara ya pili na ya tatu. Nilimshika mikono, yote ina harufu ya tui. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, ananiliwaza mimi. "Si kitu, mama," alisema. "Nitakikumbuka tu."

Mtoto mwingine alianza kulia chumba cha nyuma. Aliinuka, akamweka yule mdogo mkekani, akaushika ukuta, akaenda kumtazama. Nilibaki ukumbini kidogo nikisikiliza anavyomwimbia huko ndani. Kisha yule wa boda aliyenileta alipiga honi, akasema anataka kurudi kabla ya mvua, nikavaa viatu vyangu.